Bima ya wizi wa wafanyakazi kwa kampuni ya ulinzi: hatua kwa hatua

Jumatatu moja alfajiri nilipigiwa simu na msimamizi wetu wa zamu. Ghala la mteja, kwenye eneo la viwanda jijini Dar es Salaam, lilikuwa limefunguliwa bila kufuli kuvunjwa. Madumu ya mafuta ya kula yalikuwa yamepungua, na walinzi wetu wawili wa usiku hawakuwa lindoni wala simu zao hazipatikani. Wakati huo nilikuwa mhasibu wa kampuni hiyo ndogo ya ulinzi. Nilishtuka, lakini nikajipa moyo kwamba bima ya uaminifu, ile inayolipa mfanyakazi akiiba, tunayo, na ada ya mwaka mzima tumeshalipa.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya kukataliwa dai. Mafuta hayakuwa mali yetu, na bima yetu ilikuwa inalinda mali ya kampuni yetu peke yake. Tulimlipa mteja wenyewe kwa awamu, na kwa miezi minne walinzi ambao hawakuiba hata msumari walicheleweshewa mishahara. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nijifunze bima kipengele kwa kipengele, na ndilo linalonifanya niandike haya kwa wenye kampuni za ulinzi, hasa zile ndogo zenye walinzi kati ya ishirini na mia moja.

Hatua ya kwanza: jua nani anaibiwa

Kampuni ya kawaida ikiibiwa na mfanyakazi wake, aliyepoteza ni kampuni yenyewe. Kampuni ya ulinzi iko tofauti. Mali ya thamani si yako. Unachomiliki ni sare, redio za upepo, tochi, pikipiki za doria, pengine bunduki chache, na fedha za ofisini. Mlinzi anayetaka kuiba haangalii redio yako. Anaangalia ghala alilokabidhiwa.

Kwa hiyo kuna hasara mbili, na kila moja ina mlango wake katika bima.

Ya kwanza ni wizi dhidi ya kampuni yako: karani anayelipa mishahara ya walinzi hewa, msimamizi anayeuza mafuta ya gari la doria, mhasibu anayepokea malipo ya mteja na kuyapeleka kwingine. Hii ndiyo kazi ya asili ya bima ya uaminifu wa wafanyakazi, ile ambayo kwa madalali wa bima utaisikia ikiitwa fideliti. Usiidharau. Kampuni ya walinzi sitini inaweza kupoteza zaidi kwa walinzi hewa kumi katika mwaka mmoja kuliko kwa ghala moja kuvunjwa.

Ya pili ni wizi dhidi ya mteja. Hapa hati nyingi za fideliti zinanyamaza, na kunyamaza kwake maana yake ni hapana. Lazima uombe nyongeza inayotaja kwa maneno kwamba bima inagusa pia mali ya wateja wako iliyo chini ya ulinzi wa wafanyakazi wako.

Wengi hudhani bima ya dhima kwa watu wengine, ile inayolipa hasara uliyomsababishia mtu wa nje, itaziba pengo hilo. Mara nyingi haizibi. Bima ya dhima imejengwa juu ya uzembe: mlinzi amelala, mlinzi ameacha geti wazi. Mlinzi akiiba kwa makusudi, hati nyingi za dhima zinajitoa. Zinunue zote mbili ukiweza, lakini usiitegemee moja ifanye kazi ya nyingine. Na kama mnasindikiza fedha za benki au za maduka, hiyo ina bima yake ya fedha zinazosafirishwa, ambayo mara nyingi wizi wa wafanyakazi huukubali tu ukigundulika ndani ya siku chache. Uliza ni siku ngapi.

Hatua ya pili: soma mikataba ya wateja kabla ya kumwona dalali

Dalali atakuuliza unataka kujikinga na nini. Jibu liko kwenye mikataba uliyokwisha kusaini.

Toa mafaili yote, lindo moja moja, utafute kipengele kinachosema nani anabeba hasara mlinzi akiiba. Utakuta aina tatu. Kuna mikataba inayokubebesha kila kitu bila kikomo. Kuna inayoweka kikomo, kwa mfano kiasi fulani kwa tukio moja. Na kuna mikataba, hasa ile ya kurasa mbili iliyonakiliwa kutoka kampuni nyingine, isiyosema lolote. Hii ya tatu inanitia hofu kuliko zote, kwa sababu atakayekuja kusema ni hakimu.

Kuna kesi ya Uingereza ambayo kila mwenye kampuni ya ulinzi anapaswa kuijua, kwa kuwa mahakama zetu zimerithi msingi wa sheria ya mikataba ya huko na bado husikiliza hukumu zake. Mwaka 1970 mlinzi wa kampuni ya Securicor alikuwa doria usiku katika kiwanda cha Photo Production. Akawasha moto mdogo kwa makusudi, moto ukamshinda, kiwanda kikaungua. Hasara ilikuwa pauni 615,000. Kampuni ya ulinzi ilikuwa inalipwa takribani pauni 8 na shilingi 15 kwa wiki. Kesi ilipanda hadi House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, na mwaka 1980 Securicor ikashinda, kwa sababu mkataba ulikuwa na kipengele kilichosema kampuni haitawajibika kwa kitendo cha madhara cha mfanyakazi wake, isipokuwa kama kampuni, ikiwa mwajiri, ingeweza kukitabiri na kukizuia kwa kuchukua tahadhari ipasavyo.

Soma tena sehemu ya mwisho ya kipengele hicho. Kinakukinga pale tu ulipomchunguza mtu wako kabla ya kumpa lindo. Aliyeajiri mlinzi kwa kuletwa na binamu yake, bila mdhamini wala alama za vidole, hana pa kusimama.

Basi jadiliana upya na wateja. Omba kikomo cha uwajibikaji kwa kila tukio, kisha kikomo hicho kilingane na kikomo cha bima. Mkataba ukisema milioni mia mbili na bima ikasema hamsini, zile mia moja na hamsini zinatoka mfukoni mwako. Wateja wengi wakubwa hawakatai. Wanachotaka kuona ni nakala ya hati ya bima.

Hatua ya tatu: kokotoa kiwango, usikisie

Kosa la kawaida ni kuchukua thamani ya bidhaa zote ghalani. Ghala lina mali ya milioni mia nne, mwenye kampuni anakwenda kuomba bima ya milioni mia nne, anatajiwa ada, anakata tamaa na kurudi bila kitu.

Jiulize hivi: kwa usiku mmoja kinaweza kutoka nini, na wizi unaweza kuendelea usiku ngapi kabla ya kugundulika?

Chukua mfano wa ghala la mafuta. Canter moja inabeba kama tani tatu na nusu, sawa na madumu ya lita 20 yapatayo 190. Tuseme dumu ni shilingi 100,000. Safari moja ni milioni 19. Mteja akihesabu bidhaa kila baada ya siku tano, wizi unaweza kupita usiku tano: milioni 95. Kwa lindo hilo kikomo cha milioni 100 kwa tukio kinatosha. Kama mteja anahesabu mwisho wa mwezi tu, hesabu yako inapanda mara nyingi, na hapo ni rahisi zaidi kumshawishi ahesabu mara kwa mara kuliko kununua bima kubwa.

Fanya hesabu hiyo kwa malindo yako matatu yenye thamani kubwa. Kubwa kuliko yote ndiyo kikomo cha tukio moja. Kikomo cha mwaka kiwe angalau mara mbili yake, kwa maana mwaka mmoja unaweza kuleta misiba miwili.

Ada hutozwa kwa asilimia ya kikomo, na kila kampuni ya bima hupanga kwa kuangalia historia yako. Kwa ajili ya bajeti tu, tuseme umetajiwa asilimia 2 ya kikomo cha mwaka cha milioni 200: ni milioni 4, na kwa Tanzania Bara ongeza VAT ya asilimia 18, inakuwa 4,720,000. Gawa kwa walinzi sitini, kisha kwa miezi kumi na miwili. Ni kama shilingi 6,600 kwa mlinzi kwa mwezi. Iweke kwenye bei ya lindo, na kwenye barua ya zabuni mwambie mteja wazi kwamba imo.

Hatua ya nne: kwa majina, kwa vyeo, au kwa wote

Fideliti inaweza kuandikwa kwa majina ya watu, kwa vyeo, au kwa wafanyakazi wote bila kutaja yeyote. Kwa ofisi ya wahasibu watatu, majina yanafaa. Kwa walinzi, usikubali. Walinzi wanaingia na kutoka kila mwezi. Ukisahau kupeleka jina la aliyeanza juzi, na huyo ndiye aliyeiba, umekwisha. Chukua ya vyeo au ya wote, na kila miezi mitatu upeleke idadi mpya.

Kisha angalia tafsiri ya neno mfanyakazi kwenye hati. Je, inamgusa mlinzi wa muda uliyemwita usiku mmoja kuziba pengo, yule deiwaka? Je, inamgusa mlinzi wa kampuni nyingine uliyemwazima? Je, aliyemo kwenye mafunzo na hajapata mkataba? Ninavyoona, deiwaka ndiye hatari kubwa kuliko wote, kwa sababu hana cha kupoteza na wewe huna faili lake. Kama hati haimtaji, omba atajwe, au acha kumtumia kwenye malindo yenye mali.

Hatua ya tano: fomu ya maombi

Fomu itauliza unaajirije, unasimamiaje, na umewahi kuibiwa mara ngapi. Jaza ukweli mtupu. Kila jibu unaloandika linageuka kuwa ahadi. Ukiandika kwamba kila mlinzi ana wadhamini wawili waliothibitishwa kwa maandishi, siku ya dai mkadiriaji wa hasara, yule anayetumwa na kampuni ya bima kuchunguza tukio, ataomba faili la mlinzi huyo aone barua hizo mbili. Akikuta moja, au akute mbili zenye mwandiko mmoja, dai lako limeyumba.

Faili la kila mlinzi liwe na nakala ya kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa anakoishi, hati ya polisi ya alama za vidole inayoonyesha kama ana rekodi ya uhalifu, barua za wadhamini wawili, na uthibitisho wa mwajiri aliyetangulia. Piga simu kwa huyo mwajiri, kisha andika tarehe na jina la uliyezungumza naye. Simu ya dakika tano ndiyo tahadhari yenyewe iliyosemwa katika ile kesi ya Securicor. Kwa walioko Kenya, cheti cha tabia njema hutoka DCI, idara ya upelelezi wa makosa ya jinai, na Sheria ya Udhibiti wa Huduma za Ulinzi Binafsi ya mwaka 2016 inataka walinzi wenyewe wasajiliwe na mamlaka husika. Namba hiyo ya usajili iwe mstari wa kwanza wa faili.

Matukio ya zamani yataje yote, hata yale mliyomalizana na mteja kimyakimya. Ukificha wizi wa mwaka juzi, kampuni ya bima ina sababu ya kuifuta hati nzima.

Hatua ya sita: vipengele vinavyoua madai

Hapa tulia. Mwambie dalali akupe hati kamili kabla ya kulipa, kurasa zote, wala usikubali muhtasari. Soma ukitafuta haya.

Hatia ya mahakama. Baadhi ya hati zinalipa tu mwizi akishahukumiwa. Mlinzi aliyetoroka mkoa, au aliyevuka mpaka, hatahukumiwa kesho wala mwakani. Omba ibadilishwe iseme ripoti ya polisi na ushahidi wa kuridhisha vinatosha.

Kushirikiana. Wizi wa ghalani haufanywi na mlinzi peke yake. Kuna dereva, mara nyingi kuna mtunza stoo wa mteja mwenyewe. Hati iseme inalipa mfanyakazi wako akiwa peke yake au akishirikiana na wengine.

Upungufu usioelezeka. Mteja akija na hesabu ya stoo tu, kwamba vitabu vinasema 500 na zilizopo ni 430, fideliti hailipi kwa kawaida. Lazima uonyeshe kwamba mtu fulani, au watu wa zamu fulani, waliiba. Ndiyo maana kitabu cha matukio, daftari la geti lenye namba za magari, na picha za kamera vina thamani kama hati ya bima yenyewe.

Muda wa kugundua. Hati hutoa miezi kadhaa baada ya bima kuisha, au baada ya mfanyakazi kuondoka, ambayo ndani yake wizi wa nyuma ukigundulika bado unalipwa. Tafuta inayotoa miezi kumi na miwili. Na ukihama kampuni ya bima, hakikisha mpya inapokea wizi uliotokea wakati wa ile ya zamani, la sivyo kunabaki shimo katikati.

Uliyemjua. Siku unapojua kwamba mlinzi aliwahi kuiba, hata betri ya redio, bima yake inakoma hapo hapo. Ukimsamehe na kumhamishia lindo jingine, umembeba wewe. Najua inauma. Wapo tuliowahurumia kwa sababu ya watoto wao, na huruma ni kitu chema. Lakini mpe kazi isiyo na funguo wala mali, kisha umwarifu dalali kwa maandishi.

Wamiliki na wakurugenzi kwa kawaida hawamo. Hasara inayofuata, kama mteja kukosa mauzo kwa wiki mbili, nayo haimo. Izuie kwenye mkataba wa mteja.

Hatua ya saba: lipa na uhakiki

Nunua kwa kampuni, dalali au wakala mwenye leseni ya TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima Tanzania, na hakiki hati yako kwenye mfumo wa TIRA wa mtandaoni badala ya kuridhika na karatasi yenye muhuri. Lipa ada moja kwa moja kwenye akaunti ya kampuni ya bima au kwa namba ya malipo, usimpe mtu mkononi. Dai likija na ada haijafika, hakuna dalali atakayekusemea.

Hatua ya nane: ikitokea

Saa ya kwanza: linda eneo, funga geti, chukua kitabu cha matukio na daftari la geti uviweke ofisini. Usiruhusu mtu kuongeza mstari. Nenda polisi, fungua taarifa, pata RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Kosa ni wizi wa mtumishi, kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania; Kenya ni kifungu cha 281 cha kanuni yao. Siku hiyo hiyo mwarifu dalali kwa barua pepe, hata kama hujui kiasi. Sema tu kwamba tukio limetokea na tathmini inaendelea.

Usimwahidi mteja malipo wala kukubali kosa kwa maandishi kabla kampuni ya bima haijajibu. Hilo ni gumu mteja akiwa amesimama mbele yako na hasira, lakini sahihi yako siku hiyo inaweza kukufungia mlango. Mwambie umeripoti polisi na bima, na kwamba utampa nakala za zote mbili.

Sasa jambo ambalo ningependa lisomwe mara mbili. Hasira ikipanda, wenye kampuni hukata mishahara ya walinzi wote wa lindo hilo, waliokuwa zamu na wasiokuwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, hairuhusu. Kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara kunataka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lake, apewe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apate nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Mlinzi wa mchana ambaye hakuwepo hana deni lolote. Mtuhumiwa naye asikilizwe kwanza kwa utaratibu. Ukimfukuza kwa simu, utakutana naye CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, na huenda akashinda hata kama aliiba. Hati nyingi za bima zinapunguza kwenye fidia fedha za mwizi ulizozishikilia, kwa hiyo weka kumbukumbu ya kila senti.

Mkadiriaji wa hasara akija, mpe faili la mlinzi, mkataba wa mteja, ratiba ya zamu, RB, hesabu ya stoo iliyosainiwa na mteja, na ankara zinazoonyesha bei ya kununulia. Kampuni ya bima ikikataa kulipa na unaona haki ni yako, peleka lalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kabla ya kufikiria wakili.

Ukilipwa, kikomo chako cha mwaka kimepungua kwa kiasi hicho. Andika siku hiyo hiyo kuomba kirejeshwe na ulipe ada ya nyongeza, maana saa kumi na mbili jioni walinzi wengine wanaingia kwenye lindo lile lile.